Sheria za Saa Nne

Mnazi hauoti Ngara. Wilaya hiyo imekaa juu ya vilima vinavyopakana na Rwanda na Burundi, kilomita kama 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, na mti unaotawala huko ni mgomba. Hata hivyo vizazi kadhaa vya watoto wa Kihangaza na Kishubi vimeshikana mikono katika vumbi la uwanja wa shule, vikazunguka duara na kucheza ukuti, mchezo uliozaliwa chini ya minazi ya pwani. Ulifika na walimu, pamoja na chaki, daftari na Kiswahili chenyewe. Watoto hawakudai kuonyeshwa mnazi. Waliona duara, wimbo na nafasi ya kuchuchumaa wote kwa pamoja, wakatosheka, na haukupita muda mrefu mchezo ukawa wao.

Michezo mingine ilikwishafika zamani, kwa miguu, bila kupitia shuleni. Bao la safu nne zenye vishimo vinane vinane linajulikana kote katika nchi za Maziwa Makuu: Rwanda huitwa igisoro, Uganda huitwa omweso, na kete ni 64 huko kama zilivyo Unguja na Lamu. Mtoto wa Kabanga, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi, hakufundishwa bao na mwalimu yeyote. Aliwakuta wakubwa wameinamia ubao uliochongwa, naye akachimba vishimo vyake ardhini kwa kijiti na kisigino, akaokota kokoto, akamwita mwenzake. Uwanja wa shule ya kijijini, uwe wa Rulenge, Murgwanza, Nyakahura au Runazi, ulikuwa njia panda ya mambo hayo mawili: yaliyoshuka kutoka pwani na ofisi za elimu, na yaliyopanda kutoka mabondeni na ng'ambo ya mto Kagera. Watoto hawakuyatenganisha. Waliyachanganya katika mapumziko yaleyale.

Siku yenyewe ya mwanafunzi haikuacha nafasi kubwa ya kucheza. Baada ya Julius Nyerere kuandika Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, shule ya msingi ilikuwa pia shamba, bustani na pengine banda la kuku. Mtoto alitoka nyumbani giza halijaisha, jembe au fagio begani, na kwa zamu yake alibeba pia kuni, samadi au dumu la maji. Akifika kulikuwa na mchakamchaka, kisha usafi wa kipande cha eneo alichogawiwa, ambacho wanafunzi walikiita namba, kisha mstari na ukaguzi wa kucha, ndipo masomo. Mchana shamba la shule lilimngoja. Jioni nyumbani kulikuwa na mbuzi wa kufungua, maji ya kuteka na mdogo wake wa kubeba mgongoni. Katikati ya yote hayo, rimu la gari lililoning'inizwa mtini liligongwa saa nne asubuhi, na kwa muda mfupi hakuna mtu mzima aliyekuwa na haja na mtoto.

Muda huo, pamoja na njia ya kwenda na kurudi, ndio uliokuwa himaya ya watoto. Inafaa kuutazama kwa makini, kwa sababu mazungumzo ya siku hizi kuhusu michezo ya jadi huishia kwenye vifaa: mpira wa majani ya mgomba, gari la waya, kokoto za mdako. Vifaa hivyo vinaweza kuwekwa kwenye kabati la kioo na kupigwa picha. Kitu kilichokuwa kigumu, ambacho watoto wale walikitengeneza upya kila siku bila kusaidiwa na mtu, ni sheria.

Chukua mdako. Kishimo chenye upana wa kiganja kinachimbwa chini ya mti na kujazwa kokoto. Mchezaji ana jiwe moja la kurusha. Analirusha juu, na kabla halijarudi mkono uleule unazoa kokoto kutoka shimoni na kuwahi kulidaka. Analirusha tena, na safari hii anazirudisha kokoto zote isipokuwa moja, ambayo ni faida yake. Akibakiza mbili, zamu imepita. Jiwe likimponyoka, zamu imepita. Wakimaliza moja moja huanza mbili mbili, kisha tatu tatu, na jicho linazidi kugawanyika kati ya hewani na ardhini. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa inayofanywa kwa ncha za vidole, tena kwa kasi, na huenda anayeifanya ndiye aliyeshindwa kujibu swali ubaoni dakika chache zilizopita.

Ila mdako haukuchezwa kwa vidole tu. Jiwe likigusa kifua kisha likadakwa, limedakwa au limeanguka? Mpita njia akikugonga kiwiko, unarudia au umekufa? Kokoto iliyokaa ukingoni, nusu ndani na nusu nje, ni ya nani? Kila duara lilikuwa na majibu yake, na majibu ya shule moja yaliweza kuwa kinyume cha majibu ya shule ya kilima cha pili. Mtoto mgeni aliketi kwanza akatazama. Akiingia mchezoni na kudai sheria za kwao, walimsikiliza au walimzomea, na mara nyingine sheria ya kwao ilikuwa nzuri kuliko ya wenyeji, ikakubaliwa. Hakukuwa na kitabu wala refa. Kulikuwa na kumbukumbu ya pamoja, na hofu moja kubwa: wenzako wakikuchoka wataondoka, nawe utabaki na kishimo chako.

Mchoraji Pieter Bruegel alichora mwaka 1560 picha ya mji uliojaa watoto wanaocheza. Iko Vienna hadi leo, na waliohesabu humo wamepata michezo zaidi ya 80. Chini kabisa, kona ya kushoto, wapo wawili wanaorusha na kudaka vifupa vya miguu ya mnyama. Mtu aliyekulia Ngara akiitazama kona hiyo haambiwi kitu, anaujua mchezo. Wengine wanachapa pia kwa viboko, wengine wanasukuma pete za mapipa kwa vijiti, jinsi watoto wa wilaya jirani ya Biharamulo walivyosukuma matairi yaliyochakaa. Si lazima kuwepo msafiri aliyebeba mdako kutoka bara hadi bara. Penye kokoto, watoto na muda usio na mwenyewe, mchezo wa namna hiyo huzuka.

Mdako ulikuwa na sifa nyingine inayostahili kusemwa bila kuficha: uliwafaa wasichana kwa sababu muda wa wasichana ulikatwakatwa. Mvulana aliyemaliza kuchunga aliweza kupotea mpaka jua lizame. Dada yake alikuwa na mtoto mgongoni, chungu jikoni na sauti ya mama inayoweza kumwita wakati wowote. Mchezo unaochezwa umeketi, mtoto mchanga amelala kwenye kanga, mchezo unaoweza kuachwa katikati na kuendelezwa kesho kwa hesabu ileile, ulipenya mahali ambapo mpira wa miguu usingepenya. Ulimfaa pia mtoto mwenye funza miguuni, na hao walikuwa wengi katika vumbi la mkoa wa Kagera, kwa maana wengi wao hawakuwa na viatu. Asiyeweza kukimbia aliweza kudaka. Baadhi ya mafundi wa kuogopwa katika mdako walitoka hapo.

Wavulana walikuwa na mpira, na mpira ulikuwa kazi. Kiini kilikuwa tambara au karatasi iliyofinyangwa. Juu yake yalikuja majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, kisha kamba za mgomba zilizoloweshwa kidogo ili zisikatike zinapovutwa, zikikauka zinabana. Kusuka ule wavu wa nje kulikuwa ufundi wa wachache, na fundi aliheshimiwa hata kama mguu wake haukuwa na lolote uwanjani. Mpira wa aina hiyo haudundi. Ukilowa mvua ya masika unakuwa mzito kiasi cha kuumiza kidole gumba. Na shule nyingi za Ngara zimejengwa juu ya mgongo wa kilima, maana yake shuti kubwa halikuishia nyuma ya goli, liliishia bondeni. Ndiyo maana aliyeupiga ndiye aliyeufuata, na watoto wakajifunza pasi fupi za chini mapema sana. Kocha hakuhitajika, mteremko ulitosha.

Baadaye ilikuja mifuko ya nailoni, ile iliyoitwa rambo, na mpira ukabadilika. Nailoni haikunywa maji, na ilipofungwa kwa uzi wa kiroba mpira uliweza kudunda kidogo. Kwa kama kizazi kizima watoto wa Tanzania walicheza chandimu kwa takataka za madukani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, na Tanzania ikafuata Juni 1, 2019. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa mifereji, mashamba na ng'ombe. Ila hakuna aliyewaza kwamba siku hiyo serikali ilizuia pia malighafi ya mpira wa mtoto wa kijijini, na kwamba bibi aliyeweza kuonyesha jinsi ya kulowesha kamba za mgomba alikuwa tayari amezeeka.

Rede haikuhitaji mteremko wala mgomba mwingi. Soksi kuukuu iliyojazwa matambara ilitosha. Wawili wanasimama ncha mbili wakirushiana mpira, mmoja au kundi linakwepa katikati, na katika namna iliyopendwa zaidi aliye katikati ana chupa ya kujaza mchanga huku akikwepa. Akipigwa kabla chupa haijajaa, amekufa. Akiijaza, wenzake waliokufa wanafufuka. Kombolela nayo ilimpa mtoto mmoja aliyejificha uwezo wa kuwakomboa wote waliokamatwa, kwa kulipiga teke kopo lililolindwa. Michezo hii miwili ilipendwa kupita kiasi, na pengine sababu iko hapo hapo: hukumu yake haikuwa ya mwisho. Mdogo aliyesahauliwa nyuma ya choo cha shule aliweza kutokea mbio na kubatilisha kila kitu, na wakubwa waliokuwa wamekamatwa wakamshangilia kwa jina lake.

Kisha kuna mchezo wa nyama. Kiongozi anataja wanyama kwa haraka, na kila anapotaja anayeliwa wote wanaruka; akimtaja fisi au mbwa, aliyeruka anatoka. Mjini mchezo huu ni wa kupima wepesi wa masikio. Ngara na Biharamulo ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu swali la nani analiwa halikuwa na jibu moja. Koo nyingi za ukanda huu zina mnyama wake wa mwiko, ambaye wa ukoo huo hamli hata akiwa na njaa. Ng'ambo ya mto, Rwanda, watu wengi zamani hawakula kondoo, na wanawake hawakula mbuzi. Buhaya, kaskazini mwa mkoa huohuo wa Kagera, wanawake walikusanya senene na kuwatayarisha, lakini mila iliwakataza kuwala, na kuku pia. Sasa weka katika duara moja watoto wa Kihangaza, Kishubi na Kizinza, mtoto wa mwalimu kutoka Bukoba na mtoto wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Biharamulo, kisha taja kondoo. Wengine wameruka, wengine wamesimama. Nani katoka?

Hapo mchezo ulisimama na kesi ikaanza. Majibu yaliyowezekana yalikuwa machache, na kila moja lilikuwa na busara yake: kila mtu aruke kwa mujibu wa kwao, au aruke kwa mujibu wa wengi, au jina hilo lisitajwe tena. Watoto wa darasa la tatu walilazimika kuamua swali ambalo mataifa mazima hulihangaikia, yaani namna ya kuwa na sheria moja kwa watu wenye miiko mbalimbali, na walitakiwa waliamue kabla rimu halijagongwa. Mwalimu aliyekuwa ofisini akinywa chai alisikia kelele tu.

Mchanganyiko wa rika uliongeza uzito. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ianze mapema kuliko ilivyokuwa imepangwa, na kufikia 1977 madarasa ya kwanza yalikuwa na watoto wa miaka saba waliokaa dawati moja na wa miaka kumi na zaidi. Katika miaka hiyohiyo operesheni ya vijiji ilizisogeza karibu na shule familia zilizokuwa zimetawanyika. Kwa walimu ilikuwa shida ya madawati na vitabu. Kwa uwanja wa michezo ilikuwa neema. Mdogo alikuwa na mkubwa wa kumtazama. Mkubwa alikuwa na mdogo wa kumwonyesha. Mkubwa aliyecheza na wadogo alijifunza kujipunguza: kurusha mpira wa rede kwa mkono wa kushoto, au kumpa mdogo maisha mawili. Hakuna mtaala ulioliandika jambo hilo, na bado ni vigumu kuona mtaala ungeliandikaje.

Ukishuka kutoka vilima vya Ngara kuelekea Biharamulo, migomba inapungua na miombo inaanza, pamoja na mbung'o. Michezo ikabadilika mikononi. Mabua ya mtama na mahindi yalikuwa magari. Mpira wa ndani wa baiskeli ulikuwa manati. Kandambili zilizokatika zilikatwa magurudumu, na waya ukakunjwa kuwa fremu ya lori. Kwa watoto walioishi kando ya barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo lori hilo halikuwa la kubuni. Yalipita mbele yao malori ya kweli yenye shehena za Kigali, na mtoto aliyejua kutazama aliweka ekseli kwa idadi sahihi na turubai nyuma. Waliosoma njia ya porini walicheza wakitembea: shabaha kwa manati, kutambua nyayo, kupanda mti na kumwachia mwenzako matunda. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na sehemu ya pori linalotajwa katika hadithi za utoto za watu wazima wa huko leo ina mipaka na askari.

Isidhaniwe kwamba himaya hii ya watoto ilikuwa ya haki tupu. Ilikuwa na wababe. Aliyekuwa na mpira aliweza kuuondoa mchezo mzima kwa hasira ya dakika moja, na mara nyingi alifanya hivyo. Watoto walitaniana kwa kabila, kwa umaskini na kwa ulemavu, na utani uliumiza. Shule nyingi zilikataza lugha za nyumbani, na kiranja aliyesikia Kihangaza katikati ya rede aliweza kuandika majina ya wasemaji. Manati yaliua ndege wengi na kuvunja vioo vichache. Mchezo wa jadi hauhitaji kusafishwa ili upendwe. Jambo la kushangaza ni kwamba, pamoja na wababe hao wote, kesho yake saa nne duara lilijipanga tena, kwa kuwa hata mbabe hawezi kucheza kombolela peke yake.

Mwishoni mwa Aprili 1994 uwanja wa Ngara ulipanuka kwa namna ambayo hakuna aliyeiwazia. Katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco, iliyobeba jina la kampuni ya ujenzi iliyokuwa imelitumia eneo hilo, ikageuka mji wenye watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa. Kulikuwa na mauti, kipindupindu na hofu. Miti ya jirani iliisha kwa kuni, na watoto wenyeji wakalazimika kwenda mbali zaidi kuzitafuta. Wengi wa waliovuka walikuwa watoto. Lugha yao ilikuwa karibu sana na Kihangaza, hata wageni na wenyeji waliweza kuelewana bila mkalimani. Makopo ya mafuta ya msaada yakawa magari. Nyuzi za magunia ya chakula zikafunga mipira. Mtu mzima akitazama angeweza kuona utoto unaosahau upesi, na angekosea. Mtoto aliyepoteza kila kitu bado anajua sheria za mchezo wa kwao, na akimkuta mwingine anayezijua, wana mahali pa kuanzia. Wanyarwanda wengi walirudishwa Desemba 1996. Warundi walibaki kwenye kambi kama Lukole kwa miaka mingi baadaye.

Serikali haikuipuuza michezo. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, imewatoa watoto wengi vijijini na kuwafikisha mikoani na taifani kwa mpira wa miguu, mpira wa pete, wavu, mpira wa mikono na riadha. Shule za msingi zikapata somo la Haiba na Michezo. Ni mambo mema, na mtoto wa Bugarama aliyepanda basi kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mbio zake hawezi kuambiwa vinginevyo. Ila michezo hiyo ina mstari uliochorwa na mtu mzima, filimbi ya mtu mzima na sheria zilizoandikwa mbali. Mtoto anazitii au anazivunja, hazitungi.

Waingereza wawili, Iona na Peter Opie, walikusanya michezo kutoka kwa watoto zaidi ya 10,000 na kuchapisha kitabu chao mwaka 1969. Walikataa kilio kilichokuwa kimezoeleka kwamba watoto wa kisasa hawajui kucheza. Waliona pia jambo lisilopendeza kwa walimu: watoto walioachwa mitaani na kwenye maeneo ya wazi walicheza kwa utaratibu zaidi kuliko waliosongamana katika uwanja wa shule chini ya macho ya wakubwa. Ushahidi wao ulikuwa wa miji na vijiji vya Uingereza, lakini unaligusa suala la Ngara moja kwa moja. Sehemu kubwa ya michezo inayokumbukwa huko haikuchezwa kwenye uwanja uliofagiliwa. Ilichezwa kwenye njia ya kurudi, kwenye foleni ya maji, kwenye mteremko ambapo kigogo kibichi cha mgomba kiligeuzwa kuwa gari la kutelezea siku ya mvua.

Na njia hiyo ndiyo inayobadilika zaidi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, viwanja vya shule za vijijini vilifurika, kwa hiyo watoto wapo, tena wengi. Lakini darasa la nne na la saba wana masomo ya ziada mpaka jioni, kwa sababu mtihani uko mbele yao na mzazi anauogopa kuliko wao. Watoto wa mzazi mwenye uwezo wanachukuliwa na gari alfajiri kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza, nao njia hawaijui. Pikipiki imefika kila kijiji, na barabara ambayo duara lilichorwa katikati yake haichezeki tena. Simu nayo ipo, ingawa vijijini lawama inayotupiwa simu ni kubwa kuliko idadi ya simu zilizomo mikononi mwa watoto. Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 11 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, na bila shaka ipo siku shule fulani itaiadhimisha kwa onyesho la mdako, wanafunzi wamepanga mstari, mwalimu wa michezo ameshika filimbi, mgeni rasmi ameketi chini ya turubai. Kokoto zitakuwa zilezile. Lakini aliyebakiza mbili badala ya moja ataambiwa na mwalimu kwamba ametoka, na kesi haitakuwepo.

Kuna kazi inayowezekana kabla ya hapo. Watu waliokuwa darasa la nne mwaka 1977 wanakaribia au wamevuka miaka 60. Wengi wao bado wanaishi umbali wa kutembea kutoka shule walizosoma, na wajukuu wao wako kwenye shule hizohizo. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta kazi ya mradi kwa darasa la sita anaweza kuwatuma watoto wakaulize, na maswali yasiwe ya vifaa peke yake. Wamuulize bibi kama kokoto iliyokaa ukingoni ilikuwa ndani au nje, na nani aliamua. Wamuulize babu walifanyaje mwenye mpira alipokasirika. Wamuulize yule aliyehamia kutoka Muyinga au Geita ni sheria gani alikuja nayo, na ipi aliiacha. Waulize kama dada zao waliwahi kucheza kombolela mpaka giza, na kama hawakuwahi, ni nani aliyekuwa anawaita. Waulize ni mnyama gani aliyesimamisha mchezo wa nyama katika shule yao. Majibu hayatafanana, na watoto watakaporudi nayo darasani na kuanza kubishana, mwalimu anaweza kutoka nje kidogo, akawaachia chumba.